Gari la Marehemu Halisimami

Taa ile iliwaka Agnetha akitoka Ulyankulu na shehena ya mahindi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwacha apumue.

Ilikuwa taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Haikupiga kelele wala kumetameta. Iliwaka tu, ikabaki imemkodolea macho kama mgeni aliyekwisha kula, kunywa na kusimuliwa habari zote, na bado haagi. Gari lenyewe, Hailaksi ya dizeli iliyowahi kuwa nyeupe, lilinguruma vilevile, likapanda mchanga vilevile, likafika nyumbani kwake Ipuli bila hata kukohoa. Agnetha akaizima injini, akaiwasha tena. Taa ikawaka. Akaigonga dashibodi kwa kiganja. Taa ikawaka. Akaitukana kwa Kinyamwezi, lugha aliyoitumia kwa mbuzi na kwa vyombo vya moto. Taa ikaendelea kuwaka.

Sasa, mtu mwingine angepeleka gari kwa fundi, akaliacha hapo, akaenda zake. Agnetha hakuwa na nafasi hiyo, na sababu yake ilikuwa ya kipuuzi kiasi kwamba kila alipoisimulia hasira ilimpanda upya.

Mumewe Festo alipofariki, ukoo ulikaa kikao cha kugawa mali. Nyumba haikuwa na maneno. Shamba halikuwa na maneno. Maneno yalikuwa kwenye gari. Limbu, mdogo wake marehemu, aliyekuja msibani kutoka Nzega na kusahau kurudi, alisimama akasema gari ni chombo cha mwanamume, mjane ataliacha lioze uani, afadhali liuzwe kila mtu apate chake. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wazee wakatoa uamuzi waliouona wa busara: gari litabaki kwa mjane maadamu linatembea. Siku likisimama, linauzwa.

Hakuna aliyefafanua kusimama ni nini. Kusimama kwa kuishiwa mafuta? Kusimama kwenye mataa? Wazee walikwisha kuomba sala ya kufunga. Tangu siku hiyo Limbu, aliyepanga chumba mtaa wa pili, akawa anapita asubuhi na mapema kumjulia hali shemeji yake, na macho yake yakawa yanalijulia hali gari.

Wakati huo Agnetha alikuwa mama wa makamo asiyewahi kushika usukani. Alijifunza kuendesha ndani ya miezi ya eda na machozi yake, akiwagonga kuku wa watu na kuwalipa wenyewe kwa maneno mazuri. Leo alikuwa akienda Ulyankulu na kurudi, akibeba mahindi, maharage, madumu ya asali, vitanda vya maharusi, na kila Jumamosi ya shughuli akawabeba akina mama wa Kwaya ya Mtakatifu Sesilia wakiimba nyuma kama vile dizeli ni bure. Kwa gari hilo alikula, alimsomesha bintiye Yustina chuo cha ualimu, na la muhimu kuliko yote, hakumwomba Limbu hata chumvi. Gari likisimama, anarudi kijijini kwa wakwe kukaa kwenye kigoda na kusubiri kuambiwa ale saa ngapi.

Kwa hiyo alichofanya kuhusu ile taa kilikuwa na akili yake. Alichukua stika ya jubilei ya kwaya, yenye picha ya Mtakatifu Sesilia ameshika kinanda, akaibandika juu ya taa. Limbu alipenda kuomba lifti na kukaa mbele, na alikuwa na jicho la kuchungulia. Sasa hakukuwa na cha kuchungulia ila mtakatifu.

Lakini kulikuwa na Sabiri.

Sabiri alikuwa fundi, mwenye gereji pale Cheyo, na alikuwa Mzaramo. Alikuja Tabora kwa treni kumsindikiza mjomba wake, akaoa, akabaki. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, jambo lililoanza enzi za misafara, Wanyamwezi waliposhuka na mizigo ya pembe mpaka pwani na kuwakuta Wazaramo wamekaa wanawasubiri wawacheke. Hawajaacha kuwacheka. Tangu Festo yu hai, Sabiri hakuwahi kumsalimia Agnetha kama watu wanavyosalimiana, ingawa kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

"We mpagazi, bado hujafa tu?" ndiyo ilikuwa salamu yake. "Mzigo wa leo umebeba kichwani au umekumbuka una gari?"

"Nyamaza, mla nazi. Ninyi kwenu kazi ilikuwa kupiga ngoma, ndiyo maana mpaka leo spana unaishika kama kijiti cha ngoma."

Na hapo wangeendelea mpaka wateja wengine wakasahau shida zao. Agnetha akimaliza kutukana alimtolea Sabiri kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yaliyochanganywa na karanga, na Sabiri angekula huku akisema chakula hiki ndicho kilichowafupisha Wanyamwezi.

Mara moja tu alimwamkia. Ilikuwa siku Festo alipoanguka ghafla pale pale gereji, akisubiri gurudumu lizibwe, wakamkimbiza hospitali, akafia njiani. Sabiri alitembea kwa miguu kutoka hospitali mpaka Ipuli. Agnetha alikuwa anaanua nguo. Akamwona mtani wake amesimama mlangoni, mikono ameikusanya mbele, na akamsikia akisema, "Shikamoo, mama Yustina." Hakusema neno jingine, na halikuhitajika. Agnetha alikaa chini pale pale, juu ya nguo mbichi.

Msibani Sabiri alirudia kazi yake ya mtani. Alilala mbele ya kaburi akasema Festo hazikwi mpaka arudishe jeki aliyoazima, akavaa koti la marehemu akaigiza anavyoendesha kwa kidole kimoja, na Agnetha, katikati ya kilio, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Hilo hakulisahau.

Sasa, habari ya mkanda.

Mara ya kwanza Agnetha alikuwa amekwenda kubadilisha oili. Alisimama kando ya gari, mkono kiunoni, ahakikishe halizimwi muda mrefu. Sabiri aliinamia injini, akapitisha kidole nyuma ya kava la mbele, kikatoka cheusi. Akaingia ndani ya gari, akaiona stika, akaibandua pembeni kwa ukucha.

"Hee! Umempa Mtakatifu Sesilia kazi ya kuziba taa? Huyu anasimamia uimbaji, hasimamii injini."

"Rudisha stika yangu."

"Mpagazi, hii taa ni ya mkanda wa taimingi. Gari limetimiza kilomita zake, linataka mkanda ubadilishwe. Na oili inavuja juu yake. Ukikatika huu, utalisukuma hili gari kwa mgongo kama babu yako alivyobeba pembe mpaka Bagamoyo."

Agnetha akacheka. Angefanya nini? Alijibu kwamba babu yake angalau alifika, akarudisha stika, akaondoka.

Mara ya pili Sabiri alimwambia aanze kuchangisha jeneza la injini, na yeye kama mtani atalala mbele ya kaburi. Agnetha akacheka tena, ila kicheko kilikuwa kifupi. Mara ya tatu alikasirika.

"Sabiri, hebu sema kama mtu mzima. Ni kweli au unanichezea?"

"Kweli, wallahi."

"Wallahi yako naijua! Si ndiyo uliyoniapia kwamba kuna nyoka kwenye boneti?"

Na ni kweli aliapa. Mwaka jana aliapa, na Agnetha akakaa juu ya benchi la gereji asubuhi nzima, viatu mkononi, huku watu wote wanakufa kwa kucheka na nyoka mwenyewe ni kipande cha paipu. Hivi mtu wa namna hiyo unamwamini kwa lipi? Ukimwuliza anaapa, akiapa anacheka, akicheka unacheka, na ukifika nyumbani unalala macho wazi unajiuliza ulikuwa unacheka nini. Agnetha alichoka. Alitamani kupata fundi asiye mtani wake, fundi mkavu asiye na maneno, lakini fundi huyo angesema liache gari hapa siku kadhaa, na Limbu angekuwa amekwisha kulipiga picha kabla ya saa sita.

Zaidi ya hayo, alijiambia, mkanda ni mkanda. Aliwahi kuwa na Festo porini, njia ya Ulyankulu, mkanda ukakatika, na Festo akachana tyubu ya baiskeli, akaifunga, wakafika salama wakala kuku. Alipomkumbusha Sabiri kisa hicho, Sabiri alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ule ulikuwa wa feni, mama wewe! Wa feni! Huu uko ndani, humo! Unaifunga injini ya chini na ya juu ziende pamoja!"

"Unanipigia kelele mbele ya watu?"

"Nakupigia kelele kwa sababu husikii!"

"Na wewe husemi! Unatania!"

Wakaachana kwa hasira, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mwenye kichwa kigumu.

Jumamosi kwaya ilikuwa na mwaliko wa jubilei Ulyankulu. Katarina, mwenyekiti, alikwisha kupanga akina mama watakaokaa nyuma, watakaokaa mbele, na sufuria zitakazokaa katikati. Ijumaa Agnetha akapita Cheyo kujaza upepo tu. Hakutaka hata kuteremka. Alikuwa amejiandaa na tusi jipya, alilolitunga njiani, kuhusu Wazaramo na usingizi wa mchana, na alikuwa na hamu ya kulitoa.

Injini ilikuwa inaunguruma. Sabiri alikuwa ameketi kwenye ndoo anakunywa chai. Akainua kichwa, akasikiliza. Akaweka kikombe chini. Akaja mpaka mbele ya gari, akainamisha sikio karibu na boneti, akakaa hivyo kwa kitambo. Kisha akamfanyia Agnetha ishara azime, na Agnetha, sijui kwa nini, akazima. Sabiri akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaja mpaka dirishani. Mikono ameikusanya mbele.

"Shikamoo, mama Yustina."

Lile tusi lilimkauka mdomoni. Ikawa kama siku ile ya nguo mbichi, na kwa muda Agnetha akamtafuta aliyekufa: Yustina yuko chuoni, alizungumza naye asubuhi. Mama mkwe mzima. Nani? Nani tena?

"Nani?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Bado." Sabiri alisema polepole, bila hata chembe ya kicheko. "Mkanda unagonga kwenye kava, nausikia. Ulikuwa haugongi. Ukikatika ukiwa unatembea, vali zinagongana na pistoni, na injini inakwisha hapo hapo. Hakuna tyubu ya kufunga. Litazima katikati ya pori na akina mama nyuma, na halitawaka tena. Nakuomba usiende."

Alisema nakuomba. Mzaramo huyu, kumwomba Mnyamwezi!

"Na kwa nini hukuniambia hivi siku zote?" Agnetha alilipuka, na machozi yalikuwa yanakuja pamoja na hasira. "Mwezi mzima unanichekesha! Mwezi mzima! Mimi nitajuaje, Sabiri? Nitajuaje?"

"Nilikwambia, mama."

"Hukuniambia! Ulinitania!"

Sabiri akainamisha kichwa. "Sijui kukwambia namna nyingine," akasema. "Hii namna nyingine inaniogopesha na mimi. Mara ya mwisho nilipoitumia unajua nilikuja na nini."

Agnetha akamtazama Mtakatifu Sesilia na kinanda chake. Kisha akachomoa ufunguo, akampa.

Kumwambia Katarina kulikuwa msiba mwingine. "Gari limekuwaje? Jana si lilikuwa zima?" Limekuwa hivi. "Lakini linatembea?" Linatembea. "Sasa kama linatembea?" Agnetha alieleza mara tatu kwamba analitengeneza kabla halijaharibika, na mara tatu Katarina akamwuliza kwa nini atengeneze kitu ambacho hakijaharibika, tena siku ya jubilei, na sufuria je? Mwishowe kwaya ikaazima lori la kubebea matofali, wakafika Ulyankulu wekundu kuanzia kichwani, na hilo likawekwa kwenye hesabu ya dhambi za Agnetha.

Jumamosi hiyo yeye alishinda gereji. Alikataa kuondoka. Alikalia lile lile benchi la nyoka na kutazama gari lake linavyofunuliwa sehemu ya mbele, feni pembeni, rejeta pembeni, boliti kwenye kopo la maziwa. Kila chuma kilichotoka kilimuuma.

Na Limbu akatokea, kama ilivyokuwa lazima. Nani alimwambia, Mungu ndiye ajuaye. Alikuja na shati la kuchomekea.

"Shemeji, pole," akasema, na uso wake haukuwa na pole yoyote. "Naona limesimama."

"Halijasimama. Linabadilishwa mkanda."

"Limetolewa rejeta, shemeji. Gari lisilo na rejeta linatembeaje? Kikao kilisema wazi."

Agnetha aliinuka kutoka benchini. Mwaka mzima na nusu wa kuulizwa gari linaendeleaje. Mwaka mzima na nusu!

Ndipo Sabiri alipojivuta kutoka chini ya gari, oili mpaka kwenye nyusi, akalala chali mbele ya viatu vya Limbu, mikono kifuani kama maiti.

"Mnyamwezi wa Nzega! Nani amekufa hapa?"

"Ondoka, fundi. Haya ni mambo ya ukoo."

"Mambo ya ukoo, na mtani hajaitwa? Mimi ndiye natangaza maiti za Wanyamwezi mji huu. Festo nilimtangaza mimi, wewe ulikuwa bado unatafuta nauli. Kama gari limekufa, sanda iko wapi? Wapishi wako wapi? Umekuja kwenye msiba na shati la kuchomekea? Leta mbuzi wangu wa utani, nilie vizuri!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mafundi wa jirani wakaacha kazi wakaja kulia msiba, mmoja akajifunga tambara kichwani na kuuliza marehemu ameacha matairi mangapi. Limbu alijaribu kukasirika, lakini mtani hakasirikiwi, na kila Mnyamwezi aliyekuwapo alimtazama aone kama atathubutu. Hakuthubutu. Alilazimika kucheka, tena alicheka vibaya, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Sabiri akakaa, akatoa mkanda wa zamani mfukoni mwa bwelasuti yake, akaunyoosha mbele ya Limbu. Ulikuwa mweusi, umelowa oili, na ubavuni umechanika karibu upana wote. Akaukunja kidogo. Meno yake matatu manne yakadondoka mchangani. Kicheko kikapungua chenyewe.

"Ukimwona mzee yeyote wa kikao," Sabiri akasema, "mwambie lingesimama leo porini. Jioni linatembea."

Limbu akautazama ule mkanda, akamtazama shemeji yake, akasema kwamba ana mtu anamsubiri stendi. Akaondoka.

Agnetha aliokota jino moja la mkanda. Lilikuwa jepesi, laini, dogo kama punje ya mahindi. Yaani hiki ndicho kilichokuwa kimeshikilia nyumba yake, chakula chake, akina mama nyuma wanaimba. Akalibana kwenye kiganja mpaka kikauma.

Jioni jua likiwa bado lipo, gari likawa limefungwa lote. Sabiri aliwasha. Taa ya chungwa ilikuwa imezimika, Mtakatifu Sesilia amebanduliwa na kuhamishiwa juu ya kioo, mahali pa heshima. Injini ilinguruma kwa sauti moja, bila kugonga. Sabiri akateremka, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akamletea ufunguo kwa mikono miwili.

"Gari lako liko tayari, mama Yustina. Nenda salama. Mungu akutangulie."

Agnetha alirudisha mikono yake nyuma.

"Siupokei."

"Mama?"

"Siupokei huo ufunguo. Unaniambia nenda salama, Mungu akutangulie, mikono miwili. Kuna nini tena ndani ya hilo gari?"

"Hakuna kitu, mama. Zima kabisa."

"Usiniite mama! Kama zima, sema kama zima!" Akapiga mguu chini. "Nitukane, Sabiri. Siendeshi mpaka unitukane."

Sabiri alimtazama mtani wake, kanga imekaa upande, jino la mkanda bado limefumbatwa mkononi. Kisha akaurusha ufunguo hewani, Agnetha akaudaka.

"Haya, ondoa mkokoteni wako hapa, mpagazi mkubwa we! Umenikalia benchi siku nzima, unanifukuzia wateja, na matobolwa yenyewe hukuleta!"

Agnetha akapumua, pumzi ndefu iliyokuwa imekaa kifuani tangu Ijumaa.

"Marahaba," akasema, akapanda gari lake, akawasha, akaenda.